Mgongo wa Mtu wa Mbele

Wierdijk, 12 Juni 1986

Ndugu yangu Gerbrand,

Barua yako imefika, pamoja na yule samaki mkavu uliyemfunga kwenye gazeti la Kinorwe. Aafje amemtundika bandani, kwa sababu ndani ya nyumba hatuwezi kukaa naye. Unasema watu wa Bergen wanamla huku wakicheka. Mimi nimekula kipande kimoja na nimeshinda kutwa nikinywa maji kama ng'ombe.

Habari za hapa ni soko. Alhamisi iliyopita zilipangwa uwanjani jibini elfu mbili na mia tatu, watalii wamejaa mpaka kwenye ngazi za kanisa, na kundi letu la Bluu lilimaliza kwanza. Wekundu walibaki wanahema kwenye mizani. Baba Jibini mwenyewe, ambaye tangu tumchague kuwa mkuu wa chama hajamsifu mtu, aliinamisha kichwa mara moja kuonyesha ameridhika. Mahali pako pa nyuma kwenye machela ya kubebea jibini amewekwa Wiebe, yule mwoka mikate wa kando ya mfereji. Nguvu anazo, lakini anatembea kama mtu anayewahi chooni.

Sasa sikiliza neno lenyewe. Mwakani mwezi wa Juni chama cha wachukuzi wa jibini wa Wierdijk kinatimiza miaka mia tatu na hamsini. Nimekwisha kusema mbele ya wote kwamba machela ya kwanza siku hiyo nitaibeba mimi mbele na wewe nyuma, na hakuna aliyethubutu kupinga. Miaka ishirini na miwili, bwana, na hatujaangusha hata jibini moja. Waulize Wekundu wao wameangusha ngapi. Kwa hiyo anza mazoezi huko huko, usije ukaniletea kitambi.

Bega langu la kulia limechoka kidogo. Daktari anasema limeganda, jambo la kawaida kwa watu wa umri wetu, na litaachia lenyewe. Nakwambia tu ili usije ukasikia kwa watu.

Aafje anauliza kwa nini hupigi simu. Nimemwambia mtu aliyesambaza barua kwa baiskeli miaka thelathini hawezi kuisaliti posta.

Wako,
Meindert

*

Bergen, 25 Juni 1986

Bwana Meindert,

Mwambie shemeji samaki analowekwa kwanza. Halowekwi saa moja, analowekwa siku nzima. Nyie watu wa Wierdijk mtu akiwapa zawadi mnaitafuna na kamba yake.

Huku mvua. Jikke na mumewe wanakwenda kazini asubuhi, mimi nabaki na paka, na jioni mwanangu ananiuliza nimefanya nini, namwambia nimeangalia mvua. Kuhusu mwakani, nitakuja hata kwa kuogelea. Naona fahari kuliko unavyodhani. Nimemwonyesha Jikke barua yako, na nimemsomea mara mbili pale uliposema hatujaangusha hata moja, maana mkwe wangu alikuwa anasikiliza na yeye anafikiri jibini inabebwa kwa mfuko wa plastiki.

Nina swali moja, usikasirike. Jikke, ambaye kazi yake hospitalini hapa ni kuwarudishia watu viungo vyao, anasema bega lililoganda halipandi hata mtu mwingine akikuinulia mkono. Lako je? Shemeji akikushika kiwiko akauinua, unapanda au haupandi? Na ukisukuma mlango mzito, unajisikiaje? Halafu kuna daktari yeyote aliyekutazama mgongoni?

Nauliza tu. Wasalimie Bluu wote.

Gerbrand

*

Wierdijk, 20 Julai 1986

Gerbrand,

Haya, tuseme ukweli, maana swali lako limenikosesha raha wiki tatu.

Aafje aliniinua mkono jikoni. Ulipanda mpaka juu kabisa bila taabu, kama mkono wa mtoto. Alipouachia ukaanguka wenyewe na kupiga sufuria ya viazi. Tulitazamana. Nikamwambia asimwambie mtu.

Sijabeba tangu tarehe nane Mei. Ndiyo, nilikuandikia kwamba Bluu walimaliza kwanza, na kweli walimaliza, ila mimi nilikuwa nimesimama kando ya mizani na nguo zangu nyeupe na kofia yenye utepe wa bluu, nikiita uzito kwa sauti. Watalii wananipiga picha vilevile. Hawajui. Chamani nimesema ni bega lililoganda, nitarudi baada ya mapumziko. Mbele ya machela yangu yupo yule mrefu wa posta uliyemfundisha wewe mwenyewe, na kila anapopita na hatua zake za kuyumba nageuza uso.

Nikitaka kuning'iniza baiskeli ya mteja kwenye ndoano karakanani, mkono unafika kifuani na kukataa. Shati navalishwa. Mwanzoni kulikuwa na maumivu makali kati ya shingo na bega, wiki tatu silali, sasa maumivu yamepungua lakini nguvu haipo. Nimerudi kwa daktari. Sasa anasema hapana, si kuganda, ni kano imechanika, ingawa picha ya eksirei ni safi na yeye mwenyewe aliikodolea macho muda mrefu. Nimepelekwa kwa daktari wa upasuaji. Mtu mkubwa, ana haraka, ofisi yake ina zulia. Alinikalisha kwenye kiti, akanibonyeza hapa na pale kwa mbele, akasema atafungua bega tarehe tisa Septemba na kulishona. Nikamuuliza kama nitaweza kubeba kilo mia na thelathini mwezi wa Juni. Akasema, tutaona.

Mimi sitaki kuona. Nataka kubeba. Nitakatwa Septemba, nitafanya mazoezi majira ya baridi yote, na Juni nitakuwa mbele yako. Hilo limekwisha.

Na mgongo wangu unauulizia nini? Mgongo wa mtu wa mbele ni wa mtu wa nyuma kuutazama, si wa kuujadili. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hivyo siku nilipoapishwa.

Meindert

*

Bergen, 2 Agosti 1986

Ndugu yangu Meindert,

Barua hii nimeiandika mara nne. Hii ya nne naipeleka posta kabla sijaisoma tena.

Usikubali kukatwa. Kwanza nisikilize.

Mwezi wa Mei nilimpelekea Jikke chakula hospitalini, nikamkuta na askari mmoja, kijana mwenye mabega ya kubeba mlango. Alikuwa ametembea milimani siku sita na furushi zito mgongoni, na mkanda wake ulikuwa umemkaba bega la kulia njia nzima. Jikke alimwambia avue shati, aweke viganja ukutani na kusukuma. Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli. Ule mfupa bapa wa nyuma ya bega, kombe lake la kulia, ukachomoka mgongoni. Ukingo wake wa ndani ulisimama kiasi kwamba ungeweza kuingiza vidole vinne chini yake. Kombe la kushoto lilikuwa limelala vizuri mahali pake.

Bakuli lilinitoka mikononi. Jikke alidhani nimeshtuka kwa sababu sijazoea hospitali.

Nilishtuka kwa sababu mgongo ule naujua. Nimeutazama misimu miwili, kila Alhamisi, kupitia shati jeupe lililoloa jasho, hatua tatu mbele ya pua yangu. Ni mgongo wako. Msimu wa 1984, mwezi wa Agosti, niliona kwanza kwamba kombe lako la kulia linacheza. Mwaka jana lilikuwa limesimama nje kabisa ulipokuwa unasukuma machela kuiingiza chini ya mizani. Sikusema.

Sheria ya chama unaijua. Mtu wa mbele ndiye anayetoa hatua, mtu wa nyuma anafuata na kunyamaza. Akimwambia mwenzake wa mbele kwamba amechoka, au anapinda, ni sawa na kumwambia ashuke, aache kubeba. Katika miaka mia tatu na hamsini sijui mtu wa nyuma aliyewahi kufanya hivyo, na tulikuwa tunajivunia. Mimi pia nilijivunia.

Jikke amenieleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Kuna mshipa wa fahamu unaotoka shingoni, unapita chini ya mfupa wa mtulinga na kushuka mbavuni, mwembamba na mrefu. Ndio unaouamuru msuli unaolishika kombe lisiachane na mbavu. Mshipa ukibanwa kwa miaka na mkanda, kama ule wa machela unaopita begani mwako, unalala. Msuli unalala nao. Kombe likikosa wa kulishika, mkono hauna pa kujiegemeza, kwa hiyo haupandi. Lakini mtu akikuinulia unapanda, kwa sababu kiungo chenyewe ni kizima. Kano ni nzima. Wakifungua bega lako Septemba watakuta kitu ambacho hakijaharibika, na watakiharibu wao.

Jambo hili halitokei mara nyingi. Jikke anasema madaktari wengi huenda wasilione maisha yao yote, hasa wakimtazama mgonjwa kwa mbele. Simama ukutani, usukume, na shemeji asimame nyuma yako.

Gerbrand

*

Wierdijk, 24 Agosti 1986

Shemeji Gerbrand,

Ni mimi Aafje. Meindert hajui kwamba nakuandikia, na akijua shauri yake.

Barua yako aliisoma akiwa amesimama. Akaikunja, akaiweka chini ya sanduku la mkate, akatoka kwenda karakana na hakurudi kula. Usiku akaniambia maneno manne tu: "Miaka miwili aliniangalia akanyamaza." Basi. Nikamwambia tufanye hicho kipimo cha ukutani. Akasema hatafanya michezo ya Gerbrand.

Unamjua, ukimwambia kulia anakwenda kushoto na baiskeli begani. Kwa hiyo nilingoja mpaka Jumamosi, siku ya joto, amevua shati anaosha uso, nikamwambia, "Baba, nisaidie kusukuma kabati la bibi, panya ameingia nyuma." Kabati la bibi, shemeji, lile la mwaloni ambalo tangu harusi yetu halijasogea. Akasema mkono wake hauwezi. Nikasema sukuma unavyoweza, weka viganja vyote viwili. Akasukuma. Mimi nikasimama nyuma yake.

Sikupiga kelele. Nilikwenda kuchukua kamera ya dada yangu, ile inayotoa picha hapo hapo, nikarudi nikasema, "Sukuma tena, bado kidogo." Akageuka kwa mlio wa kamera akaniuliza nafanya nini. Nikampa picha mkononi. Aliishikilia kwa ukingo ikikauka, na ile sura ya mgongo wake ikawa inatokea polepole. Akakaa kwenye kiti. Mume wangu ana miaka hamsini na minne na alikuwa hajawahi kuona mgongo wake. Mimi niliuona kila siku na sikuwa nimeuona, maana kitandani amelala na mezani amekaa. Nililia, yeye hakulia.

Jumatatu tulikwenda kwa yule bwana mwenye zulia. Aliitazama picha, akasema picha za nyumbani hazimsaidii. Nikamwambia, "Basi daktari, mtazame mwenyewe. Meindert, vua shati." Akasema muda wetu umekwisha. Nikamwambia mimi nimekaa kwenye kiti hiki na sina basi la kuwahi. Meindert akavua shati, akasukuma ukuta kati ya vyeti vyake viwili.

Yule bwana akainuka, akaweka vidole chini ya lile kombe, akauliza, "Kazi yako ni nini?" Meindert akasema ni fundi baiskeli. Nikasema, "Na ni mchukuzi wa jibini, mtu wa mbele, miaka ishirini na miwili, kundi la Bluu." Akauliza mkanda unapita wapi. Meindert akamwonyesha kwa kidole. Yule bwana akaenda kuwaita wenzake wawili waje waone, na mbele yao akasema, "Mimi nilikuwa nimkate bega huyu." Hapo nikampenda kidogo, kwa sababu si watu wote wangelisema.

Upasuaji umefutwa. Wiki iliyopita alipelekwa Amsterdam kwa kipimo cha sindano na umeme, na jibu ni lile lile la Jikke. Mshipa haukukatika, umelala. Unaweza kuamka. Mwaka, au miaka miwili, au usiamke.

Sasa ujue na hili. Umemwokolea bega, na hataki kusikia jina lako. Yote mawili ni kweli. Andika, lakini usingoje majibu.

Mwambie Jikke nimemfumia soksi.

Aafje

*

Bergen, 10 Septemba 1986

Meindert,

Shemeji ameniambia nisingoje majibu, kwa hiyo singoji.

Nilikuandikia kwamba nilinyamaza kwa ajili ya sheria ya chama. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba mtu wa mbele akishuka, na wa nyuma anashuka naye. Unajua hivyo. Wawili wakizoeana, mmoja akiondoka, mwingine hapewi mwenzi mpya akiwa na umri wangu, anapewa kofia ya heshima na kiti. Nilikuwa na miaka hamsini na sita. Mke wangu amekufa, barua nimeacha kusambaza, nilikuwa na Alhamisi tu. Nilitazama kombe lako likichomoka na nikajiambia, msimu mmoja zaidi. Kisha nikajiambia tena.

Na nilipohama nilikwambia Jikke ananihitaji. Jikke hanihitaji, ana mume na paka. Nilihama kwa sababu sikuweza kuutazama mgongo wako msimu wa tatu.

Sasa umejua yote. Kuwa mtu wako wa nyuma ndilo jambo ninalojivunia kuliko yote niliyowahi kufanya, na ndani yake nimekufanyia ubaya. Fanya mazoezi anayokupa tabibu. Ukichoka, acha, mshipa haulazimishwi.

Gerbrand

*

Wierdijk, 15 Machi 1987

Gerbrand,

Miezi sita. Nilikuwa na hasira miwili ya kwanza. Iliyobaki minne nilikuwa na aibu, na aibu ndiyo iliyonichelewesha.

Kwanza bega. Kila asubuhi nalala chali sakafuni na kusukuma ngumi kuelekea dari, mara ishirini, Aafje ameweka kiganja chini ya kombe ili alisikie likijaribu kutoroka. Kisha ukutani, viganja viwili, polepole. Tabibu wa hapa ni binti mwenye sauti ya sajenti. Miezi mitatu hakuna kilichotokea. Tarehe sita Januari Aafje akasema, "Subiri, rudia." Nikarudia. Akasema, "Kuna kitu kimekaza." Nilimwambia ni mawazo yake. Sajenti akathibitisha wiki ile ile. Sasa mkono unafika usawa wa jicho. Karakanani nimeshusha ndoano, baiskeli zinaning'inia chini kidogo na wateja wafupi wanashukuru.

Lakini mkanda, kamwe. Daktari wa Amsterdam amesema mshipa uliolala mara moja hausamehe mara ya pili. Bega hili halitabeba mkanda maisha yangu yote. Nimeitangaza habari hiyo mbele ya chama mwenyewe, sikungoja waseme wao. Nilivua shati kwenye mkutano mkuu, mbele ya wanaume ishirini na wanane na picha za wakuu waliokufa ukutani, nikasukuma mlango wa ghala. Hakuna aliyecheka. Baba Jibini akaniuliza ni nani aliyeliona kwanza. Nikasema Gerbrand Ooms, mtu wangu wa nyuma.

Sasa aibu. Mimi nilijua, Gerbrand. Sikujua ni mshipa, sikujua ni kombe, lakini tangu masika ya 1984 nilijua upande wa kulia hauna nguvu. Nami sikusema. Badala yake nilifanya hivi: jibini zikishapakiwa, kazi ya kuzinyoosha kwenye machela ni ya mtu wa mbele, na mimi nilikuwa nikizinyoosha nazisogeza kuelekea nyuma. Vidole vitatu, wakati mwingine kiganja kizima. Hakuna aliyeona, maana machela ina kingo pana. Mzigo uliokuwa wangu nilikupa wewe. Misimu miwili. Nilikuwa natembea mbele na kifua nimekitoa, watu wanapiga makofi, na mzee mwenye miaka hamsini na sita nyuma yangu anabeba mzigo wa mtu mmoja na robo.

Niliposoma kwamba ulinyamaza, nilikukasirikia kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujikasirikia. Ndiyo hiyo.

Juni sibebi. Machela ya kwanza itabebwa na wewe. Wewe mbele. Nimekwisha kumwambia Baba Jibini na amekubali. Wiebe atakaa nyuma, amejifunza kutembea kama mtu.

Meindert

*

Bergen, 1 Aprili 1987

Meindert, mjinga wewe,

Mtu wa nyuma anajua jibini moja ikisogea unene wa sarafu. Ulidhani mimi natembea nimelala? Nilijua tangu Alhamisi ya kwanza. Nilihisi kwenye mkanda tulipovuka daraja, nikasema moyoni, huyu amenisogezea mzigo, kwa hiyo ana shida, na hataki kusema. Nikabeba. Nilitembea uwanja mzima nikiwa na kiburi ambacho sijawahi kuwa nacho, nikijua kwamba ninambeba Meindert Pronk na yeye hajui.

Kwa hiyo usiniombe radhi kwa jambo hilo. Hilo ni langu na nalipenda.

Kukaa mbele sijui. Miaka yote nimefuata hatua, sijawahi kuitoa. Jikke anasema nifanye mazoezi, basi kila asubuhi natoka na ndoo mbili za mchanga kwenye gati, magoti nimelegeza, hatua fupi za kuburuza, na Wanorwe wananipisha njia. Mkwe wangu amenitolea machela ya kubebea majeruhi kutoka kazini kwake. Tunabeba mawe mimi na yeye. Ameanza kuiheshimu jibini tangu hapo.

Nakuja tarehe kumi Juni. Pika viazi, samaki naleta mwenyewe.

Gerbrand

*

Wierdijk, 28 Juni 1987

Ndugu yangu Gerbrand,

Treni yako ilipoondoka Aafje alisema, "Hamkuzungumza." Nikamwambia tulizungumza sana, tulizungumza hatua, tulizungumza mikanda, tulizungumza tumbo la Wiebe. Akasema hivyo sivyo anavyomaanisha. Basi naandika, maana ana haki, na sisi wawili mdomo wetu ni posta.

Kwanza ya chama, kwa sababu uliondoka kabla ya mkutano. Imeandikwa na kupigiwa kura: mtu wa nyuma akiona kitu kwenye mgongo wa mtu wa mbele, anasema siku hiyo hiyo, na anayeambiwa hashuki kwa kuambiwa, anakwenda kwa tabibu na mahali pake panangoja. Wekundu walipinga, halafu Wekundu wawili wakageuka. Jumanne walisimama wote kwenye ukuta wa nje wa nyumba ya mizani, wanaume ishirini na wanane mashati chini, viganja ukutani, wanasukuma. Mimi na sajenti wangu tunapita nyuma. Wanawake wa mtaa walitoka na viti. Mke wa Wiebe alisema kwa sauti kwamba laiti angejua mapema angechagua mwingine. Tumekuta mmoja tu, wa kundi la Njano, kombe lake linachungulia. Ana miaka thelathini na moja na alidhani ni mto mbaya wa kulalia. Jumatatu anakwenda Amsterdam.

Sasa siku yenyewe. Wewe ulikuwa mbele, hukuona kitu isipokuwa watu. Nikueleze mimi nilichoona, maana nilitembea nyuma ya Wiebe mpaka kwenye mizani, kofia mkononi. Hatua yako ya kwanza ilikuwa ndefu. Ya pili pia. Nikasema moyoni, mzee atatuaibisha. Kisha pale kwenye bomba la maji ulishusha magoti, machela ikatulia, na baada ya hapo haikuyumba hata unene wa uzi mpaka ulipoiweka. Mrefu wa posta alikuwa kando yangu. Alisema, "Meindert, hivyo ndivyo inavyobebwa." Nimekuwa mtu wa mbele miaka ishirini na miwili na sijawahi kubeba hivyo, na nasema haya mimi, ambaye mke wangu atakwambia sisemi mambo ya namna hii.

Watu walipopiga makofi niliinua kofia kwa mkono wa kulia. Ilifika juu ya kichwa. Haikukaa sana, ila ilifika.

Lakini kuna jambo la tatu. Miaka yote hiyo wewe uliuona mgongo wangu, mimi wako sijawahi kuuona. Siku ile niliuona kwa mara ya kwanza. Shati lilikuwa limeloa, umebeba kilo mia na thelathini, una miaka hamsini na tisa. Umenyooka, mabega mapana, shingo imetulia. Nilifurahi kuutazama. Nikautazama vizuri, kama ulivyoutazama wangu, na naona nikwambie.

Bega lako la kushoto liko chini kuliko la kulia kwa vidole viwili, na ukiwa huna mzigo linabaki chini vilevile. Nilikuangalia tena jukwaani pale stesheni, umesimama na sanduku tupu. Jikke akutazame wiki hii, umevua shati, ukutani.

Nakungoja useme amesema nini.

Meindert